Bastola au shotigani kwa mfanyabiashara wa mazao mwenye watoto nyumbani?

Mnunuzi wa Mahindi

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa mtu aliyeishika kazi hii kwa mikono yake, maana ya vijiweni nimeshayasikia ya kutosha.

Nafanya biashara ya mahindi na alizeti hapa Kibaigwa. Msimu wa mavuno silali vizuri. Wakulima wengi bado wanataka fedha mkononi, kwa hiyo kuna siku natoka benki Dodoma na fedha kwenye gari, na kuna usiku fedha hizo zinalala nyumbani. Mwaka huu jirani yangu mwenye duka la pembejeo alivamiwa saa nane usiku. Wakapiga mlango na fatuma, lile jiwe kubwa, ukaanguka, wakamkata panga mkononi mbele ya watoto wake. Yupo hai, ila mkono ule haujarudi sawa.

Sina kosa lolote la jinai. Nimeanza maombi ya leseni ya kumiliki silaha, barua imepita kwa mwenyekiti na kwa mtendaji wa kata, sasa ipo polisi wilayani. Afisa aliyenipokea akaniuliza: unataka silaha ya aina gani, utaitunza wapi, na umewahi kuishika? Nikakosa jibu hata moja.

Nyumbani nina mke, watoto wanne (mkubwa ana miaka 13, wa mwisho mitatu), mama mkwe, na kijana wa dada yangu anayenisaidia ghalani. Nyumba ni ya tofali za saruji, vyumba vinne, korido moja katikati, bati juu. Ghalani nina mlinzi wa usiku.

Je, nichukue bastola au shotigani? Nitaisafishaje kwa vumbi la huku? Nijifunzie wapi? Na mlinzi wangu anaweza kuitumia mimi nikisafiri?

Chuma Cha Pua

Mkuu usijichoshe. Chukua Glock 19, risasi 15 kwenye magazini, ndogo, unaificha kiunoni hakuna anayejua. Shotigani ni ya walinzi wa benki, utaibebaje kwenye gari? Usiku unaweka chini ya mto, mtu akigusa mlango unamaliza kazi. Mafunzo ni kulenga na kuvuta, siku moja tu porini umeshajua. Kwa mlinzi mwachie tu, mradi ni mwaminifu.

Fundi Ghala

Ndugu Mnunuzi, mpe pole jirani yako. Nimeona nisiupite uzi huu kimya, kwa sababu nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu inashauriwa kuweka bastola chini ya mto, na hilo siwezi kulisoma nikaendelea na shughuli zangu.

Nimetumikia ghala la silaha kambini mpaka nikastaafu: kupokea, kukagua, kusafisha, kutoa, kuandika kitabuni. Sasa naishi Kihonda, Morogoro. Wamiliki kadhaa wenye leseni huniita tunapokwenda kulenga shabaha pale polisi wanapotupa ruhusa. Watu wa aina yako ndio ninaowaona zaidi, wafanyabiashara waliotishwa na jambo moja baya wakataka dawa ya usiku mmoja.

Naanza na fedha. Wale waliomvamia jirani yako walijua zipo. Wakulima unaoweza kuwalipa kwa simu walipe kwa simu, hata kama makato yanauma, na ijulikane sokoni kwamba kwako fedha hazilali. Mlango wa mbele uwe wa chuma, fremu yake ichimbiwe ukutani kwa saruji, komeo juu na chini kwa ndani. Fatuma huangusha mlango wa mbao kwa mapigo mawili matatu. Mlango wa chuma uliofungwa vizuri unakupa dakika kadhaa na kelele za kuamsha mtaa mzima. Weka taa ya sola uani, mbwa, na namba za majirani watano mliokubaliana kupigiana. Dakika hizo unazihitaji, maana bila hizo silaha uliyoifungia haina nafasi ya kukusaidia, na usipoifungia itakugeukia wewe na wanao.

Sasa silaha yenyewe. Bastola ndiyo ngumu kuliko zote kuitumia vizuri. Mtutu ni mfupi, saiti (alama za kulengea) ya mbele na ya nyuma zimekaribiana, inashikwa na mikono tu bila bega. Mkono ukitetemeka kidogo, kule mbele risasi imekwenda pembeni kabisa. Glock 19 ni chombo kizuri, sina ugomvi nayo. Imetengenezwa Austria, inatumia risasi ya milimita 9, haikwami ovyo. Lakini haina sefti (kizuizi cha kufyatuka) ya pembeni ya kuzungusha kwa dole gumba. Sefti yake unayoigusa ni kile kiulimi kilicho juu ya triga yenyewe, kwa hiyo chochote kinachoivuta triga kinaifyatua: pindo la shati, ufunguo mfukoni, kidole cha mtoto. Hiyo haikai kiunoni bila ala ngumu inayofunika triga yote, na haikai chini ya mto kwa hali yoyote. Anayetaka bastola lazima akubali kufanya mazoezi mwaka mzima, kila mwaka. Wewe wakati wa msimu huna hata muda wa kula.

Kwa nyumba yako ningechukua shotigani ya pampu, ile unayovuta na kusukuma kishikio cha mbele ili risasi iingie, kali ya 12 (kali ni ukubwa wa tundu la mtutu). Inashikwa na mikono miwili, bega na shavu, mwili mzima unaituliza. Zinazojulikana zaidi ni Mossberg 500 na Remington 870, na siku hizi kuna nyingi za Uturuki zenye bei nafuu. Tofauti ndogo ujue: sefti ya Mossberg iko juu, nyuma ya mwili wa bunduki, unaisukuma kwa dole gumba. Ya Remington ni kitufe kilicho nyuma ya triga. Yoyote utakayochukua, mkono wako uizoee hiyo moja mpaka gizani.

Wapo watakaokwambia shotigani haihitaji kulenga, ukielekeza tu inafagia chumba kizima. Si kweli. Gololi zilizo ndani ya risasi ya shotigani zikitoka mtutuni hutawanyika kwa kadiri ya sentimita mbili au tatu kwa kila mita moja. Korido yako ikiwa na mita tano, alama ukutani itakuwa upana wa kiganja kilichokunjuliwa. Ukikosa, umekosa kabisa, na gololi zote zinaendelea na safari.

Na zinaendelea kwenda wapi? Hilo ndilo ningependa ulifanyie kazi kabla hata leseni haijatoka. Mchana, nyumba ikiwa tupu, simama mlangoni mwa chumba chako, mikono mitupu, tazama korido hadi mwisho. Upande wa kushoto kuna mlango wa nani? Kitanda cha watoto kimeegemea ukuta upi? Mlango wa mbao hauzuii gololi wala risasi ya bastola, dari haizuii, bati haizuii. Tofali la saruji husaidia, lakini dirisha halina tofali. Kama ukisimama hapo chumba cha watoto kiko nyuma ya mtu atakayeingia, basi hapo si mahali pa kufyatulia, na afadhali uhamishe watoto waje upande wako wa nyumba. Kazi hii haina gharama, na naiona kubwa kuliko jina la kiwanda.

Risasi za kali ya 12 ziko za aina nyingi. Marisau ni vile vidogo vya ndege. Gololi kubwa zina milimita 8.4, na ganda (risasi nzima ya shotigani) la kawaida lenye urefu wa milimita 70 huwa na tisa hivi. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu: kama chemba, pale ganda linapokaa likifyatuliwa, ni ya 70, usitie ganda la 76 hata kama linaingia. Linaingia kweli, kwa sababu urefu unaotajwa ni wa ganda likishafyatuka na mdomo wake kukunjuka. Likifyatuka humo halina nafasi ya kufunguka, na shinikizo linapanda.

Jambo jingine la hatari zaidi, na hili nawaonyesha watu kwa mkono. Ganda la kali ya 20 ni jembamba. Ukilitumbukiza kwenye bunduki ya 12 linateleza, linapita chemba, linakwama ndani ya mtutu. Unatazama chemba, iko tupu. Unatia la 12 nyuma yake, unafyatua, mtutu unapasuka mbele ya mkono wako wa kushoto. Ndiyo maana viwanda hulipaka la 20 rangi ya manjano. Kwako pasiwepo hata ganda moja la manjano.

Utunzaji. Kibaigwa nakujua, vumbi la pale linaingia hata kwenye saa. Kila mwezi, hata kama hujafyatua, fanya hivi. Risasi zote ziende chumba kingine. Elekeza mtutu kwenye ukuta wa nje au gunia la mchanga. Fungua chemba, tazama kwa macho, kisha ingiza kidole kidogo upapase: chemba, halafu mdomo wa lile bomba la kuwekea risasi. Macho yanadanganya kwenye mwanga hafifu, kidole hakidanganyi. Fungua kofia ya mbele, chomoa mtutu. Pitisha brashi ya shaba kuanzia upande wa chemba kwenda mdomoni, kisha kitambaa cheupe, kingine, kingine, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Inua mtutu kwenye mwanga wa dirisha utazame ndani: uwe kioo mwanzo hadi mwisho. Ukiona pete nyeusi imezunguka mahali fulani, mtutu umevimba, usifyatue tena, peleka kwa fundi mwenye leseni. Na bunduki iliyoegemezwa muda mrefu mahali pa wazi, tazama nyigu. Wanajenga kiota cha udongo mtutuni, na udongo ule unatosha kuupasua.

Mafuta kidogo sana. Mafuta ya silaha yakikosekana, ya cherehani yanafaa. Ya kupikia yanageuka gundi, oili chafu ya gari ina mchanga wa chuma. Pakaa, kisha futa mpaka chuma kibaki na ng'aro tu bila kulowa, kwa sababu mafuta mengi na vumbi la Kibaigwa hufanya uji unaokwamisha pampu. Usishike risasi kwa mikono yenye mafuta. Yanapenya kwenye fataki, kile kiwashio cha risasi, na ukizihitaji zinakaa kimya. Usihifadhi bunduki ndani ya ala ya ngozi au mfuko wa kitambaa, unyevu unakaa humo na kutu inaanza. Vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vya kunyonya unyevu, vikusanye uviweke ndani ya sefu.

Sefu iwe ya chuma, ifungwe kwa bolti ukutani na sakafuni, chumbani kwako. Risasi ziwe na kisanduku chao chenye kufuli. Ufunguo ukae mwilini mwako, usiku na mchana. Usiufiche juu ya kabati wala nyuma ya picha ya harusi, watoto wanayajua maficho ya nyumba kuliko mwenye nyumba. Huyo wa miaka 13 ongea naye waziwazi, mwonyeshe bunduki ikiwa tupu mara moja ukiwa umesimama naye, udadisi wake uishe. Wadogo wafundishwe neno moja tu: ukiona, usiguse, mwite mkubwa.

Mlinzi hapana. Leseni ni ya mtu, kwa jina lake. Mlinzi hawezi, mke hawezi, kijana wa dada yako hawezi. Ukisafiri, sefu inabaki imefungwa. Kama ghala linahitaji mlinzi mwenye silaha, tafuta kampuni ya ulinzi iliyosajiliwa, yenye silaha zake na watu wake waliofundishwa.

Mafunzo. Usiende porini kama ulivyoshauriwa. Kufyatua ovyo shambani ni kosa, na risasi moja inafika kwa mtu usiyemwona. Mwulize huyohuyo afisa aliyekupokea ni wapi wilayani au mkoani raia wenye leseni wanaruhusiwa kulenga, na nani atawasimamia. Swali hilo peke yake litamfanya akuone mtu makini. Ziba masikio kwa vizibo na vifuniko vyote viwili, vaa miwani.

Anza mita tano, shabaha ya karatasi ukubwa wa sahani. Ndani ya nyumba hakuna umbali mkubwa zaidi ya huo. Kitako kibane kwenye bonde la bega, shavu ligandamane na mbao, mguu wa kushoto mbele, uzito mbele. Kidole kikae nje ya triga, kimenyooka pembeni mwa bunduki, mpaka umeamua. Pampu nyuma kwa nguvu hadi mwisho, mbele kwa nguvu hadi mwisho. Watu wakiogopa huivuta nusu, ganda halitoki, bunduki inakwama, na wanasema bunduki mbovu. Ukivuta triga ukasikia "tak" bila mlio, baki umeelekeza shabahani nusu dakika kabla ya kufungua, fataki iliyolowa inaweza kuchelewa. Ukisikia mlio dhaifu kuliko kawaida, simama, ondoa risasi zote, kagua mtutu kama kuna kilichobaki ndani.

Kisha jifunze na tochi. Usiku wa tukio, mtu wa kwanza utakayemwona koridoni anaweza kuwa mama mkwe anakwenda msalani. Kwanza sauti: "Nani?" Kisha mwanga. Kisha uamuzi. Kivuli hakifyatuliwi.

La mwisho ni sheria. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujilinda, kuwalinda wengine na mali, kwa nguvu inayolingana na hali. Aliyeinua panga juu ya mwanao ni hali moja. Aliyeruka ukuta anakimbia na redio ni hali nyingine kabisa, na ukimpiga mgongoni utasimama kizimbani wewe. Likitokea, Mungu apishe mbali, fungua chemba, weka bunduki chini mahali salama, piga simu polisi, msaidie aliyeumia, usisogeze kitu.

Chuma Cha Pua

Mzee shikamoo. Nimesoma yote. Hili la ganda la manjano sikulijua. Naondoa ushauri wangu wa mto na wa mlinzi. Kwenye bastola bado naona kwa mtu wa safari ina nafasi yake.

Fundi Ghala

Marahaba mwanangu. Ina nafasi, kwa anayeifanyia mazoezi. Hilo hatubishani.

Mama Ngao

Habari zenu, nawasalimu kutoka Kiambu, Kenya. Naongezea upande wa bastola kwa sababu ndiyo ninayobeba, nina leseni ya Firearms Licensing Board chini ya Sheria ya Silaha, Sura 114. Mnakumbuka mwaka wa 2018 na 2019 serikali yetu iliwaita wenye leseni wote kukaguliwa upya. Mimi nilifurahia, maana kulikuwa na watu wanabeba vitu wasivyovijua.

Mzee amesema ukweli kuhusu ugumu wake. Mimi hufanyia mazoezi Kirigiti, na kule kuna mashindano ya IDPA, yale ya kujilinda, mnachomoa bastola ndani ya ala chini ya koti, huku saa inapiga. Ukisikia ule mlio wa saa mikono inakuwa ya mtu mwingine. Nimeona wanaume wenye bastola za bei ghali wakishindwa kupata karatasi mita saba. Hapo hakuna anayekushambulia, ni saa tu.

Ndugu Mnunuzi, mazoezi mengi si ya risasi. Nyumbani mimi natumia risasi bandia za plastiki. Zile za kweli nimezifungia chumba kingine, mlango nimefunga, nimeelekea ukuta wa mawe. Naweka sarafu ya shilingi juu ya saiti ya mbele, navuta triga polepole. Sarafu ikianguka, kidole kimesukuma pembeni badala ya kurudi nyuma moja kwa moja. Dakika kumi za hivyo kila jioni zinanisaidia kuliko kumaliza boksi zima la risasi nikiwa nimechoka. Nikimaliza nasema kwa sauti "mazoezi yamekwisha", naiweka, sirudii tena siku hiyo. Ajali nyingi za nyumbani hutokea pale mtu amesharudisha risasi za kweli halafu anataka kujaribu mara moja zaidi.

Swali kwa mzee: kubaki na magazini iliyojaa muda mrefu kunaua springi?

Fundi Ghala

Dada Mama Ngao, karibu sana, na hilo la kusema kwa sauti nitalichukua nikawafundishe wa huku. Springi nzuri haichoki kwa kukaa imebanwa, inachoka kwa kujazwa na kutolewa mara nyingi. Kwa hiyo magazini ya mazoezi iwe na alama ya rangi, na ya kubeba iwe nyingine. Kwa shotigani tahadhari ni kwenye maganda: ya plastiki yakikaa miezi ndani ya bomba yakibanwa na springi, yanatuna, na yaliyotuna hukwama kuingia chembani. Yatoe, yapapase kwa vidole, yaliyotuna au yenye kutu kwenye shaba yatenge, uwakabidhi polisi. Usiyatupe jalalani, watoto wanaokota.

Mnunuzi wa Mahindi

Mzee Fundi, shikamoo. Mama Ngao, asante sana dada yangu. Jioni hii nimesimama mlangoni mwa chumba changu kama ulivyosema. Mwisho wa korido ni sebule, na ukuta wa kushoto wa sebule ndio ambao kitanda cha wadogo kimeegemea, katikati kuna mlango wa mbao mwepesi. Nimekaa chini nikatafakari. Kesho naanza kuhamisha vyumba, wadogo waje chumba kinachopakana na chetu, sebule ibaki peke yake na stoo nyuma yake. Fundi wa kuchomelea nimeshamwita kwa mlango.

Kuna jambo nililitaka kulificha lakini naona heri niliseme. Marehemu baba aliacha gobore kule nyumbani Kondoa. Lilikuwa la kuwindia, sijawahi kuona karatasi yake. Kaka zangu wamelifunga gunia darini na wanasema niende nikalichukue, nisihangaike na leseni ya bunduki nyingine. Nifanyeje? Naogopa hata kulitaja polisi wakati maombi yangu yako mezani kwao.

Fundi Ghala

Marahaba baba. Kuhamisha vyumba umefanya jambo la maana.

Kuhusu gobore, usiende kulichukua. Silaha ya marehemu hairithiwi kama ng'ombe. Mwenye leseni akifa, silaha inatakiwa kukabidhiwa polisi, na mrithi anayeitaka anaanza maombi yake mwenyewe. Mwaka 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitoa muda wa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari, mwezi wa tisa na wa kumi, na watu walileta magobore mengi ya namna hiyohiyo. Muda ule umepita, lakini anayekwenda mwenyewe kusema anatazamwa tofauti na anayekutwa nalo darini. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kukutwa na silaha bila leseni ni kosa zito, na kaka zako ndio walionalo sasa hivi.

Fanya hivi. Mpigie mwanasheria kwanza, hata kwa mazungumzo mafupi. Kisha nenda na kaka mmoja na mwenyekiti wa kijiji chenu kule Kondoa mkatoe taarifa kituoni, mueleze baba alifariki lini, gobore liko wapi, na muombe askari waje walichukue wenyewe. Msilibebe kwenye basi, msilibebe kwenye pikipiki. Mpewe maandishi ya kupokelewa, nakala moja uiweke kwenye faili la maombi yako. Usiogope kwamba litakuharibia. Kitakachokuharibia ni afisa kulisikia kwa mtu mwingine.

Na mpaka wafike, asiguse mtu. Gobore linajazwa kwa mdomo wa mtutu, baruti kwanza, kitambaa, kisha vyuma, na wazee wengi waliyaweka yakiwa yamejazwa tayari. Baruti ile ikiwa kavu inakaa miaka mingi ikiwa hai. Ukitazama kwa nje huoni kitu. Sisi ghalani tulikuwa tunateremsha kijiti cha mbao polepole ndani ya mtutu, uso ukiwa pembeni, tunaweka alama pale mdomoni, kisha tunakilaza kijiti nje kando ya mtutu. Kikifika hadi usawa wa fataki, ni tupu. Kikiishia upana wa vidole vinne kabla, limejaa. Kazi hiyo waachie askari, ila waambieni kabla hawajapanda darini kwamba linaweza kuwa na baruti, na kwamba mdomo wake umeelekea upande gani. Waambie kaka zako leo usiku waondoe kitanda chochote kilicho chini ya dari ile.

Mnunuzi wa Mahindi

Nimempigia kaka sasa hivi. Anasema mdomo umeelekea chumba cha mama. Mama analala kwa shangazi leo, na asubuhi naondoka na basi la kwanza kwenda Kondoa. Mwanasheria nitampigia nikiwa njiani.